Sato, perege au kambale: tathmini ya vifaranga nilivyonunua kwa tangi langu la uani

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikifuga samaki na kupanda mboga kwa maji yale yale uani kwangu Fuoni, kwa utaratibu ambao wataalamu huuita akuaponiki, na katika kipindi hicho nimenunua vifaranga kwa wauzaji watatu. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa Unguja na Pemba wanaokusudia kuanza, kwa sababu nilipokuwa nikitafuta ushauri kila niliyemuuliza alinieleza jinsi samaki fulani anavyokua haraka na anavyopata bei, lakini hakuna hata mmoja aliyenieleza samaki huyo atafanya nini siku atakapotoka tangini na kuingia mtaroni. Wauzaji sitawataja. Ninachokipima hapa ni aina ya samaki waliyoniuzia, maelezo waliyoyatoa kuhusu samaki hao, na ukweli wa maelezo hayo baada ya miezi kupita.

Mfumo wangu ni wa kawaida: tangi moja la lita 1,000, vitanda viwili vya kokoto vyenye jumla ya mita mbili za mraba, pampu moja ya kupandisha maji na nyingine ya kutia hewa. Samaki hutoa amonia, bakteria wanaokaa kwenye kokoto huigeuza kuwa naitriti na kisha naitreti, mboga huitumia naitreti hiyo kama mbolea, na maji hurudi tangini yakiwa yamesafika. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita ili waenee vya kutosha, na anayetia samaki wengi siku ya kwanza huanza kuokota mizoga kabla ya wiki ya tatu. Kwa asiye na uzoefu, kiasi cha salama kwa tangi la ukubwa huu ni kilo 10 hadi 20 za samaki, na kila mita ya mraba ya mboga za majani huhitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku. Maji ya visima vyetu, kwa kuwa yamepita kwenye mawe ya chokaa, ni magumu, yaani yana madini mengi ya chokaa. Hali hiyo huwafaa samaki na bakteria, ingawa mchicha wangu ulitoa majani machanga ya manjano mpaka nilipoongeza madini ya chuma.

Muuzaji wa kwanza aliniletea sato kutoka Dar es Salaam kwa boti, vifaranga 60 ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni, na kwa upande wa usafirishaji ninampa sifa zote anazostahili. Wote walifika hai, alinifundisha kuiacha mifuko ielee juu ya maji ya tangi ili joto lilingane kabla ya kuwafungulia, na chakula alichoniuzia kilikuwa kizuri. Samaki wenyewe walikua kwa namna iliyomfurahisha kila jirani aliyechungulia. Sato hupenda maji ya nyuzi 27 hadi 30, na hayo ndiyo maji tuliyo nayo karibu mwaka mzima. Baada ya miezi mitano wakubwa wao walikuwa wamekaribia gramu 200. Iwapo ningeandika tathmini hii wakati huo, ningewaambieni nyote mumpigie simu muuzaji huyo.

Kasoro ilikuwa katika neno moja alilolirudia mara nyingi, kwamba vifaranga vyake ni madume matupu. Madume hutafutwa kwa sababu hukua haraka kuliko majike, na kwa sababu tangi lenye jinsia zote mbili hujaa watoto wasiokua, wanaogombania chakula na wazazi wao. Njia inayotumika zaidi kuwapata ni kuwalisha watoto wachanga chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume kwa muda wa wiki tatu hadi nne, tangu wanapoanza kula, mpaka hata waliokuwa wawe majike wakue wakiwa madume. Njia hiyo inafanya kazi vizuri, lakini mara chache sana huwafikia wote mia kwa mia. Wachache hubaki majike. Jike wa sato huanza kuzaa akiwa bado mdogo, anaweza kuwa na miezi mitatu hadi sita tu, huatamia mayai ndani ya kinywa chake na huendelea kuwahifadhi watoto humo hata baada ya kuanguliwa. Kwa hiyo asiyejua humwona samaki aliyeacha kula akadhani ni mgonjwa, kumbe amebeba kizazi kizima kinywani.

Mimi nilikuwa sijui. Vifaranga niliwatia mwezi wa Novemba, na mwezi wa Aprili mvua za masika ziliponyesha usiku kucha tangi lilifurika, kwa sababu bomba la kupunguzia maji nililielekeza moja kwa moja kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba bila ya kuliwekea wavu. Asubuhi mtoto wangu aliniita mtaroni. Palikuwa na visamaki vidogo kama punje za mpunga, kundi zima, vikienda mbele kinyume cha mkondo. Niliwaopoa kwa kipande cha chandarua kikuukuu kwa siku tatu mfululizo mpaka mtaro ukakauka, na bado sina hakika kwamba hakuna waliokwishashuka bondeni. Nilipomweleza muuzaji, alinijibu kwamba hao ni samaki tu, wataliwa na bata, na akaniuliza kama nataka mzigo mwingine. Jibu hilo ndilo lililonifanya nisirudi kwake, kwa kuwa mtu anayeishi kwa kuuza sato anapaswa kuwa wa kwanza kujua kwa nini suala hili si la kupuuzwa.

Tanzania tunalo funzo lake kubwa kabisa katika Ziwa Victoria. Sangara na sato, ambao leo watu wengi hudhani ni samaki wa asili wa ziwa hilo, walipandikizwa humo katika miaka ya 1950. Ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa wavuvi wa huko kabla yao, ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu na amesalia katika maziwa madogo ya kando, na aina nyingi za furu, visamaki vidogo vya ziwa hilo, zilizokuwa hazipatikani popote pengine duniani zimepotea. Sangara alikuwa mla nyama. Sato hakuhitaji kumla ngege ili kumwondoa, kwani alimshinda kwa chakula na mazalia, na akazaana naye. Na sisi visiwani hatuna haja ya kwenda Mwanza kutafuta ushahidi wa kiumbe aliyeletwa kwa nia njema. Kunguru wa India waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na mpaka leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku wetu pia.

Huenda msomaji akasema kwamba Unguja haina ziwa wala mto mkubwa, basi samaki atoroke aende wapi. Jibu la hoja hiyo limo katika vidimbwi vya mvua na mabonde ya mpunga. Kisiwa chetu kina samaki wake mwenyewe, mdogo wa kiasi cha sentimita tano, dume lake likiwa na mkia mwekundu unaong'aa, ambaye wataalamu walimwelezea mwaka 1893 na leo humwita Nothobranchius guentheri, na ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Maisha yake yote hupita katika maji ya msimu: hutaga mayai kwenye tope, kidimbwi hukauka na wazazi hufa, kisha mayai husubiri ndani ya udongo mkavu mpaka mvua inayofuata. Hula viluwiluwi vya mbu, na hilo pekee lingetosha kutufanya tumheshimu. Sato hawezi kuvumilia kidimbwi kinachokauka, na huo ndio ulinzi wa samaki wetu. Lakini msimu mmoja wa mvua unatosha kwa sato waliotoroka kuingia humo na kuwanyima wenyeji nafasi na chakula, na palipo na mfereji wa umwagiliaji au bwawa lililochimbwa lisikauke, mgeni hubaki hapo mwaka mzima. Katika nchi za baridi, samaki huyu akitoroka hufa maji yanaposhuka chini ya nyuzi 12 hivi. Kwetu hakuna baridi ya kumuua.

Hatari nyingine ni ya kuchanganya mbegu, na hapa Zanzibar ina nafasi yake katika historia ya ufugaji wa samaki ambayo watu wachache wanaifahamu. Mwaka 1960 mtaalamu C. F. Hickling, aliyefanya kazi Malacca, katika Malaysia ya leo, alichapisha matokeo ya kumpandisha dume wa perege, samaki wa jamii moja na sato, aliyetoka Zanzibar kwa jike wa perege wa Msumbiji, na watoto karibu wote wakawa madume. Perege huyo, ambaye baadaye alitambuliwa kuwa ni wa aina ya Mto Wami wa Tanzania bara, akajulikana katika mashamba ya samaki ya nchi za mbali kwa jina la kisiwa chetu. Urahisi huo huo wa kuzaana baina ya aina mbalimbali, ambao wafugaji waliufurahia, ndio unaotishia perege wetu leo: sato akiingia katika bwawa la perege, baada ya vizazi vichache haitawezekana tena kumpata perege halisi, na mbegu ikishachanganyika haichujwi. Tayari katika mito na mabwawa kadhaa ya Tanzania bara wamepatikana samaki chotara wa namna hiyo.

Muuzaji wa pili aliniuzia kambale. Ni samaki mgumu kufa, anaweza kupumua hewa ya juu, hivyo umeme unapokatika usiku mwenye kambale hulala usingizi wakati mwenye sato yuko uani akikoroga maji kwa mkono. Kama mfugo, nilimpenda. Muuzaji alikuwa mkweli, alinieleza kwamba hulana wenyewe kwa wenyewe wasipopangwa kwa ukubwa. Hata hivyo samaki anayekula kila kinachoingia kinywani mwake, na ambaye usiku wa mvua anaweza kujiburura juu ya ardhi yenye unyevu kutoka dimbwi moja hadi jingine, si samaki wa kuwekwa katika tangi lililo wazi kwenye ua wenye mtaro. Wanane walinifia katika wiki ya kwanza na mmoja nilimkuta chini ya mti wa mdimu, hatua sita kutoka tangini. Waliobaki niliwala, sikununua tena.

Kuhusu samaki wa mapambo nitasema machache. Katika duka moja mjini nilishauriwa nitie gapi tangini ili wale mbu, na nilielezwa kwamba wanaozidi naweza kuwamwaga kwenye kidimbwi chochote cha mtaani. Gapi huzaa watoto walio hai, mwezi baada ya mwezi, na wamesambazwa katika nchi nyingi kwa kisingizio hicho hicho cha mbu. Kuwamwaga katika vidimbwi vya Unguja ni kumpelekea mshindani yule samaki wetu mwenye mkia mwekundu, aliyekuwa akifanya kazi hiyo hiyo kabla ya duka kufunguliwa. Ninawaomba wenye maduka waache kutoa ushauri huu.

Muuzaji wa tatu ni mama mmoja wa makamo, mfugaji wa upande wa Mwera, na ndiye ninayempendekeza bila ya kusita. Anauza perege wa hapa hapa, kutoka bwawa lake. Kabla hajaniuliza ninataka vifaranga wangapi, aliniuliza maji ya tangi langu yanamwagikia wapi. Alinipeleka nikawaona wazazi, akamkamata dume mmoja mkubwa na kunionesha mwili wake mweusi na ukingo mwekundu wa mapezi, kisha akanionesha mkia wake usio na mistari. Sato ana mistari ya wima iliyopangika vizuri mkiani, kuanzia juu hadi chini; kifaranga mdogo si rahisi kumtambua, na chotara humdanganya hata mzoefu, ndiyo maana ni muhimu kumwona mzazi. Nilipomuuliza kwa nini hafugi sato ilhali wanakua haraka, alinijibu: "Mwanangu, samaki nisiyemjua atokako simtii bwawani mwangu, seuze kukuuzia wewe."

Huduma yake ina upungufu, na ni haki niuseme. Haleti vifaranga nyumbani, lazima uende na ndoo yako. Hana kwa wingi, nilisubiri wiki tano. Na wala hatoi risiti. Perege wake pia hawakui kama sato, kwani katika muda ule ule wa miezi mitano wangu walikuwa na gramu 90 hadi 110. Kwa anayefuga ili auze hotelini, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa familia inayotaka kitoweo mara moja kwa wiki pamoja na mchicha, rehani na bilingani za kila siku, haina uzito, kwa sababu katika utaratibu huu mboga ndizo zinazoleta faida ya haraka na perege mdogo hulisha kitanda sawasawa na sato, ilimradi unatoa chakula kwa kipimo kile kile.

Jambo lililonifaa zaidi kutoka kwake ni kunifundisha kuchambua jinsia kwa mkono, bila ya homoni. Samaki akifikia gramu 20 hadi 30 humgeuza tumbo juu, ukamtazama sehemu iliyo mbele ya pezi la chini: dume ana matundu mawili, jike ana matatu, na lile la katikati la jike ni kama mkato mdogo wa mlalo. Tone la rangi ya chakula husaidia kuuona. Nilichambua 70, nikabakiza madume 40, majike nikamrudishia mwenyewe bwawani kwake. Nilikosea kwa wawili, ambao nilikuja kuwabaini baadaye walipoanza kuatamia.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mwatiko. Ni samaki wetu wa pwani, hufugwa katika mabwawa ya maji ya chumvi Unguja na Pemba, na kituo cha kutotolea vifaranga cha Beit el Ras kimemshughulikia. Kwa upande wa hatari ninayoizungumzia yeye ndiye salama kuliko wote, kwa kuwa ni mwenyeji na hazai ila baharini, na anaweza kuzoeshwa maji matamu. Lakini hupenda kuruka, magamba yake hupukutika akishikwa, na huhitaji nafasi ya kuogelea ambayo tangi la lita 1,000 halina. Kwa mwenye bwawa dogo karibu na pwani, ambako maji ya kisima yameanza kuwa na chumvi, ningemshauri amfikirie kabla ya sato.

Yeyote atakayeamua kuendelea na sato, maana najua wapo wenye biashara tayari, ninamsihi azibe njia. Bomba la kupunguzia maji lipite kwanza kwenye pipa la mchanga na kokoto, kisha liishie kwenye shimo la migomba na si mtaroni. Mdomo wake ufungwe wavu wa matundu madogo kuliko yai la samaki. Tangi lifunikwe kwa wavu, kwani kunguru humchukua samaki na kumwangusha asikokutarajia mtu. Maji ya mfuko uliosafirishia vifaranga yamwagwe kwenye udongo mkavu penye jua, kwa sababu kifaranga hasafiri peke yake: virusi vinavyoua sato, vilivyotambuliwa mara ya kwanza Israel, vimekutwa pia katika samaki wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania na Uganda. Samaki asiyetakiwa auliwe kwa barafu, aliwe au azikwe shimoni kwenye mboji. Asipewe mtoto wa jirani kumchezea, na asiachiwe kwa huruma. Na kabla ya kuvusha samaki yeyote kutoka bara, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi iulizwe kwanza.

Ndugu zangu wa Pemba wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Unguja iliwahi kuungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini, ilhali Pemba imetengwa na mkondo wa kina kirefu kwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana ina viumbe wake wenyewe kama vile popo wa Pemba. Ina pia vijito na mabonde yenye maji mengi kuliko sisi, hivyo samaki anayetoroka huko hupata pa kukaa. Shemeji yangu wa Wete aliniomba nimpelekee sato 20 kwenye dumu kwa boti ya asubuhi. Nilimwambia kwamba sitampelekea hata perege wa Mwera, bali amtafute mfugaji wa huko huko Pemba, aende kuwaona wazazi wa vifaranga kwa macho yake. Alikasirika kidogo. Baada ya wiki mbili alinitumia picha ya mkia wa samaki, akiniuliza kama ile mistari ninaiona.

Niliiona. Hakuwanunua, na bado anatafuta. Mimi nina perege 38 tangini, na vifaranga wengine nimewaagiza Mwera. Mama amesema watakuwa tayari baada ya mvua za vuli, na kwamba nisisahau kwenda na ndoo mbili.